Mzigo wa Zamu Ubebwe na Wote

Yafuatayo ni maneno tuliyoyatoa mjini Njombe mbele ya wajumbe wa kamati za parokia na sharika, wafadhili na watumishi wa afya. Tunayachapisha hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.



Awali ya yote tunawashukuru kwa kufika. Tunajua wapo walioondoka Makete alfajiri na mapema katika baridi, na wapo waliobadili gari Makambako ili wawahi kikao hiki. Mungu awalipe kwa moyo huo.

Mara nyingi tunapokutana nanyi tunazungumza habari za vitu: vitanda, magodoro, mashuka, matangi ya maji, umeme wa jua. Hizo ni habari njema, na vitu hivyo bado vinahitajika. Leo tunaomba tuzungumze jambo ambalo halimo katika daftari la mali wala katika taarifa ya fedha. Nalo ni hili: wauguzi walio katika zamu moja wanatendeana namna gani?

Tunalisema jambo hili kwa sababu tunaamini kwamba zamu nzito inabebeka pale watumishi wanapobebana, na kwamba mgonjwa ndiye wa kwanza kuona tofauti. Tunalisema pia kwa sababu ninyi, kamati na wafadhili, mnayo sehemu yenu, nasi tutaitaja wazi kabla hatujamaliza.

Zamu ilivyo huku kwetu

Ndugu wafadhili ambao hamjafika huku, mturuhusu tuwaeleze kidogo. Mkoa wetu ni wa milima na baridi. Upande wa Makete uko uwanda wa Kitulo, ulio juu ya mita 2,500 kutoka usawa wa bahari. Tangu mwaka 2005 uwanda huo ni Hifadhi ya Taifa, na wenyeji huuita Bustani ya Mungu kwa wingi wa maua yake. Maua hayo huchanua wakati wa mvua. Lakini mvua hiyo hiyo hugeuza barabara za vijijini kuwa tope, na mama mjamzito aliyepewa rufaa kutoka zahanati huchelewa njiani. Anapofika hospitali huenda ni usiku wa manane na hali yake imekwisha kuwa mbaya. Mwezi wa sita na wa saba mvua hakuna, lakini baridi huwa kali hata umande huganda juu ya majani, na wodi za watoto hupokea wenye nimonia.

Upande wa pili iko Makambako. Pale ndipo barabara ya Njombe na Songea inapoachana na barabara kuu iendayo Mbeya na Tunduma, na pale ndipo ilipo stesheni ya reli ya TAZARA. Malori na mabasi hupita usiku na mchana. Likipinduka basi moja usiku, zamu iliyokuwa na wagonjwa wa kuhesabika hupokea majeruhi wengi kwa mara moja, na idadi ya wauguzi ni ile ile.

Katika mazingira hayo zinafanya kazi hospitali za makanisa: Ikonda ya Wamisionari wa Consolata na Bulongwa ya KKKT wilayani Makete, Ilembula ya KKKT wilayani Wanging'ombe, na Lugarawa ya Jimbo Katoliki la Njombe wilayani Ludewa. Zinafanya kazi bega kwa bega na hospitali, vituo vya afya na zahanati za serikali.

Lipo na jambo lingine ambalo kila familia hapa inalijua. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2011/12 ulionyesha kwamba mkoa wa Njombe ulikuwa wa kwanza nchini kwa maambukizi ya virusi vya UKIMWI, asilimia 14.8 ya watu wenye umri wa miaka 15 hadi 49. Utafiti wa mwaka 2022/23 uliupata tena mkoa huu ukiwa juu kuliko mikoa mingine, asilimia 12.7 ya watu wazima. Kabla ya serikali kuanza kutoa dawa za kupunguza makali ya virusi mwaka 2004, wauguzi wa huku waliona watu wa kijiji chao, jamaa zao na hata watumishi wenzao wakifa wodini bila wao kuwa na la kufanya zaidi ya kuwaosha na kuwashika mkono. Leo dawa zipo, na watu wengi wanaishi na kulea watoto wao. Lakini wauguzi waliopita katika miaka ile bado wako kazini au wamestaafu juzi tu, na hakuna aliyewahi kuwauliza waliyabebaje yale.

Tuchukue mfano wa usiku mmoja. Muuguzi mmoja na mhudumu mmoja wa wodi wanaangalia wagonjwa thelathini. Dripu ya mmoja imekwisha, mwingine anataka kwenda msalani na hawezi kusimama, mtoto ana degedege, na ndugu wa mgonjwa amesimama mlangoni akiuliza mbona baba yake hajapewa sindano. Chumba cha kujifungulia wanaita mtu wa kusaidia. Umeme unakatika. Kazi ya usiku huo siyo ngumu kwa sababu ya jambo lolote moja kati ya hayo. Ni ngumu kwa sababu yote yanakuja pamoja, na mtu anayetakiwa kuchagua lipi litangulie ni mmoja, amechoka, na anajua akichagua vibaya mtu anaweza kufa.

Uchovu huzaa maneno makali

Wajumbe wa kamati mmetuletea mara nyingi malalamiko kuhusu lugha ya wauguzi. Mama amefokewa akiwa katika uchungu. Mzee ameambiwa asubiri bila kuangaliwa usoni. Malalamiko hayo ni ya haki. Mgonjwa ni mtu wa Mungu, na hakuna uchovu unaompa mtu ruhusa ya kumdhalilisha.

Hata hivyo tukitaka dawa ya jambo hili ni lazima tutafute linapoanzia. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani, katika toleo la 11 la orodha yake ya kimataifa ya magonjwa, lilieleza hali ya kuchakaa kwa sababu ya kazi. Halikuiita ugonjwa. Lilisema ni hali inayotokana na msongo wa kazini uliodumu muda mrefu bila kushughulikiwa, na likataja alama tatu: mtu huishiwa nguvu, moyo wake hujitenga na kazi yake, na huona kwamba kazi anayoifanya haina matunda. Angalieni alama ya pili. Muuguzi ambaye moyo wake umejitenga na kazi ndiye anayemtazama mama mwenye uchungu kana kwamba ni kero. Hakuja hivyo kutoka chuoni. Amefika hapo polepole, zamu baada ya zamu.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Aliye pembeni huuona mwepesi. Ndiyo maana mtu wa kwanza awezaye kuujua uzito wa zamu ni yule anayeubeba pamoja nawe, na ndiyo maana tunasema msaada wa kwanza hutoka kwa mwenzi wa zamu. Tutaje mambo sita ambayo tumeona yanasaidia. Hakuna hata moja linalohitaji fedha nyingi.

Kwanza: makabidhiano ya kweli

Zamu huanza wakati mtu mmoja anapompokea mwenzake. Pengine makabidhiano ni kusaini kitabu cha ripoti na kuondoka. Anayebaki hugundua saa mbili baadaye kwamba mgonjwa wa kitanda cha saba hajakojoa tangu asubuhi. Makabidhiano ya kweli hufanyika kwa miguu: wawili wanapita kitanda kwa kitanda, anayeondoka anataja jina la mgonjwa, hali yake, dawa aliyopewa na saa yake, na lile linalomtia wasiwasi. Kisha anamwuliza anayepokea, "Kuna unalotaka kuuliza kabla sijaenda?" Zoezi hili huchukua dakika kumi na tano au ishirini. Anayeondoka hulala kwa amani kwa kuwa hakuna alichosahau kusema, na anayepokea haanzi usiku wake gizani.

Pili: kuita na kuitikiwa

Muuguzi anayeogopa kuita msaada ni hatari kwa mgonjwa. Naye huogopa pale ambapo kila aitapo hujibiwa, "Hata hilo hulijui?" Katika zamu yenye wenzi wema, mtu akiita huitikiwa kwanza, maswali baadaye.

Hapa tuna ushahidi kutoka karibu. Chini ya milima yetu, katika bonde la Kilombero, iko Hospitali ya Mtakatifu Fransisko ya Ifakara, ambayo ni ya Kanisa Katoliki. Mwaka 2007 na 2008 ilikuwa mojawapo ya hospitali nane duniani, pamoja na nyingine za miji kama Toronto, London na Manila, zilizojaribu orodha fupi ya Shirika la Afya Duniani ya usalama wakati wa upasuaji. Orodha ile inataka mambo kama kuhakikisha jina la mgonjwa na mahali pa kupasua. Inataka pia kila aliyemo chumbani ajitambulishe kwa jina na kazi yake kabla ya kisu kugusa ngozi, na wauguzi waseme kama wana wasiwasi wowote. Matokeo ya hospitali zote nane kwa pamoja, kwa wagonjwa zaidi ya 7,600, yalichapishwa mwaka 2009: vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara baada ya upasuaji yakashuka kutoka asilimia 11 hadi 7. Hatusemi kwamba kutajana majina peke yake kulifanya hayo. Lakini wenye ujuzi waliona kwamba mtu aliyekwisha kutaja jina lake mbele ya wenzake hufungua kinywa kwa urahisi zaidi anapoona jambo linaharibika.

Mtafiti wa Marekani, Amy Edmondson, alichapisha mwaka 1996 jambo lililomshangaza mwenyewe. Alitarajia kwamba wodi zenye ushirikiano mzuri zitakuwa na makosa machache ya dawa. Alikuta zina makosa mengi zaidi yaliyoandikwa. Alipochunguza aliona kwamba katika wodi zile watu hawakuogopa kusema, na katika wodi nyingine makosa yalifichwa. Kosa lililosemwa saa tatu usiku linaweza kurekebishwa saa tatu na nusu. Lililofichwa husubiri mgonjwa azidiwe.

Tatu: kufanya mazoezi pamoja

Hofu kubwa katika wodi ya wazazi ni mtoto anayezaliwa bila kupumua. Muda wa kumwokoa ni mfupi sana, na mikono ikitetemeka muda unakwisha. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, wilayani Mbulu mkoani Manyara, imetufundisha jambo kubwa hapa. Watumishi walipewa mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto wa namna hiyo. Kwenye mafunzo walifanya vizuri kwa mwanasesere, lakini katika chumba cha kujifungulia utendaji haukubadilika. Ndipo wakaanza mazoezi mafupi pale pale kazini: dakika chache kila wiki, na muda mrefu kidogo mara moja kwa mwezi, wenzi wakisimamiana na kusahihishana. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hai.

Tunaomba wafadhili walitafakari hilo. Ujuzi ulikuwapo tangu siku ya kwanza. Kilichokosekana ni wenzi wa kuufanyia mazoezi hadi mikono izoee. Na kuna faida nyingine: watu waliokwisha kushika bagi na barakoa pamoja mara ishirini, usiku wa shida hawahitaji kuelezana. Mmoja anakausha mtoto, mwingine yuko tayari na bagi, na wa tatu anabaki na mama. Woga hupungua kwa kuwa kila mmoja anajua mwenzake atasimama wapi.

Nne: kumpumzisha mwenzako

Jambo hili ni dogo hata watu huona haya kulitaja. Muuguzi aliyesimama tangu jioni bila kula, saa tisa za usiku akili yake si ile ya jioni. Kuhesabu matone ya dripu au kugawanya kipimo cha dawa ya mtoto kwa hali hiyo ni hatari. Mwenzi mwema husema, "Nenda kanywe chai, nitakuangalizia upande wako, dakika ishirini." Na yule anayekwenda aende kweli, akae chini, asirudi kwa aibu baada ya dakika tatu. Wanaofanya hivi kwa zamu, bila kungoja mtu aanguke, wanamaliza usiku wakiwa bado wana neno la upole kwa mgonjwa wa mwisho.

Huku kwetu ongezeni baridi. Chupa ya chai ya moto na koti la kubadilishana vina maana katika wodi iliyo karibu na Kitulo kuliko pengine popote nchini.

Tano: kumpokea mgeni

Kijana aliyemaliza chuo anapangiwa kituo katika kijiji ambacho hajawahi kukisikia. Hajui lugha ya wazee wa pale, hana ndugu, na mshahara wa kwanza huenda ukachelewa. Wiki zake za kwanza ndizo zinazoamua kama atakaa au ataomba uhamisho. Akikuta wenzake wanamtwika zamu zote za usiku kwa kuwa ni mgeni na kumcheka anaposhindwa kuupata mshipa wa mgonjwa, ataondoka, na zahanati itarudi kuwa na mtumishi mmoja. Akipewa dada au kaka wa kazi, mtu mmoja wa kumwonyesha dawa zinakaa wapi, nani wa kumpigia simu usiku, na namna ya kumsalimu mzee wa hapa, atajifunza haraka na ataweka mizizi. Wale wanaolalamika kwamba vijana hawakai vijijini wajiulize vijana hao walipokewaje.

Sita: kukaa pamoja baada ya kifo

Wodini mtu hufa saa kumi alfajiri, na saa kumi na moja kitanda kina mgonjwa mwingine. Muuguzi aliyemhudumia hakupata hata dakika moja. Mkunga aliyempoteza mama na mtoto kwa usiku mmoja hutembea nyumbani akijiuliza ni nini angefanya. Akiwa peke yake jibu lake huwa la kujihukumu. Akikaa na wenzake dakika kumi kabla ya kuachana, wakasema lililotokea, wakaona lililowezekana na lisilowezekana, wakasali, mzigo hubaki mzigo lakini una mikono mingi. Mganga mfawidhi au muuguzi mfawidhi akiwapo katika kikao hicho kama mwenzi, watu husema kweli. Akija kutafuta wa kumlaumu, hunyamaza wote.

Katika Afrika Mashariki yetu upo mfano wa watumishi waliokaa pamoja mbele ya kifo kilichowatisha wote. Mwaka 2000 ugonjwa wa Ebola ulizuka Gulu, kaskazini mwa Uganda. Wagonjwa walikuwa 425, na 224 walikufa. Wengi walihudumiwa katika hospitali ya Kikatoliki ya Mtakatifu Maria, Lacor, iliyoongozwa na Dk. Matthew Lukwiya. Wauguzi wa Lacor walianza kuambukizwa na kufa mmoja baada ya mwingine. Mwishoni mwa mwezi wa Novemba, baada ya vifo vya wenzao kufuatana, watumishi walikusanyika wakiwa na hofu na hasira, na wengi walitaka kuondoka. Dk. Lukwiya hakuwatisha. Aliwaambia kwamba anayetaka kwenda aende, bali yeye atabaki. Alikaa nao, akawasikiliza, na kazi iliendelea. Yeye mwenyewe aliugua, na inaaminika aliambukizwa alipokimbilia kumsaidia muuguzi wake aliyekuwa mgonjwa usiku, bila kujikinga macho. Alifariki tarehe 5 Desemba 2000, akazikwa katika viwanja vya hospitali ile.

Tunajifunza mawili. La kwanza, watu waliokuwa na hofu kubwa kuliko hofu zetu za kila siku waliweza kubaki kwa sababu kiongozi wao alikaa katikati yao. La pili ni onyo: upendo unaokimbia bila kinga unaweza kuua. Mwenzi anayekushika mkono mlangoni na kusema, "Vaa kwanza," amekupenda.

Wema wenye mipaka

Tusieleweke vibaya. Kubebana hakufanyi mtu mmoja kuwa wawili. Zamu inayohitaji wauguzi watatu ikipewa mmoja mwenye moyo mwema, moyo ule utachakaa. Ni wajibu wa serikali na wa makanisa yenye hospitali kuajiri watumishi wa kutosha, kuwalipa kwa wakati na kuwapa siku zao za mapumziko. Mtu asiyatumie maneno yetu ya leo kufunika upungufu huo.

Pia kuna msaada ambao si msaada. Kumsainia mahudhurio mtoro, kumficha aliyekuja kazini amelewa, kunyamaza mwenzako anapomdai mgonjwa fedha, hayo ni kumsaliti mgonjwa na kumwangamiza huyo mwenzako. Mwenzi wa kweli humwambia faraghani, na asiposikia hulipeleka kwa mfawidhi. Urafiki wa zamu unapimwa kitandani kwa mgonjwa: kama yeye anafaidika, ni wema.

Sehemu ya kamati na wafadhili

Sasa tunageukia kwenu. Kamati za parokia na sharika, tunaomba mambo manne.

1. Tafuteni chumba kidogo cha mapumziko katika kila kituo mnachokisimamia, hata kama ni kona ya stoo: viti viwili, jiko, chupa za chai, sukari isiyokwisha. Akina mama wa jumuiya wanaweza kulibeba hili kwa zamu.

2. Mtumishi mgeni akifika, parokia impokee kama inavyompokea katekista au mwinjilisti. Nyumba iwe imefagiliwa, awepo mtu wa kumwonyesha soko na kisima, na Jumapili ya kwanza atambulishwe kanisani, hata kama ni wa dhehebu lingine au dini nyingine.

3. Mnapokuwa na malalamiko, yaleteni kwa mfawidhi kwa utaratibu, siyo kwa kelele wodini mbele ya wagonjwa. Na mnapokuwa na shukrani, zileteni vile vile. Barua moja ya shukrani iliyobandikwa ukutani husomwa na kila zamu.

4. Wauguzi wanaoingia au kutoka usiku huogopa njia. Zungumzeni na viongozi wa kijiji ili mtu awasindikize.

Wafadhili wetu, tunaomba mawili. Mnapotoa fedha za mafunzo, tengeni sehemu kwa ajili ya mazoezi ya kila wiki pale kazini, pamoja na mwanasesere wa mazoezi na muda wa mtu wa kuyasimamia, hata kama itabidi semina ya mjini ipunguzwe. Na mnapotutembelea, baada ya kuona majengo na mashine, ulizeni swali moja: "Mara ya mwisho watumishi wa hapa kukaa pamoja na kusikilizana ilikuwa lini?" Jibu litawaeleza mengi kuhusu namna wagonjwa wanavyohudumiwa.

Neno la mwisho

Maandiko hayakulisahau jambo hili. Katika Kutoka sura ya 18, Musa alikaa toka asubuhi hadi jioni akiwaamua watu, na mkwewe Yethro akamwambia wazi kwamba hivyo atajichosha yeye pamoja na watu, agawane kazi hiyo na wengine. Sura moja kabla yake, mikono ya Musa ilipolegea, Haruni na Huri hawakumhubiria juu ya uvumilivu. Walimletea jiwe la kukalia, wakaishika mikono yake huku na huku hadi jua likachwa. Naye Eliya, katika 1 Wafalme sura ya 19, alipochoka hata akaomba afe, hakukemewa. Aliachwa alale, akaletewa mkate na maji, akalala tena, akaletewa tena. Mazungumzo marefu na Mungu yalikuja baadaye.

Jiwe la kukalia, mkono wa kushika, usingizi, mkate na maji. Hayo ndiyo tunayoyaomba kwa ajili ya wauguzi wetu, watendeane wao kwa wao, nasi tuwawezeshe kutendeana. Mama anayeletwa usiku wa leo kutoka kijiji chochote cha milima hii anahitaji kumkuta muuguzi ambaye bado ana nguvu za kumwambia, "Karibu mama, pole na safari."